Ratili Sita Mlangoni kwa Bi Alma

Msinicheke. Nimestaafu kazi hii nikiwa na miaka thelathini na mbili. Mzee aliyenifundisha alistaafu mara mbili, na bado kila asubuhi alirudi karakanani na chupa yake ya kahawa. Mimi nikisema basi, ni basi. Siku hizi nakaa ofisini nikipanga zamu za wauguzi, na kitu kizito kuliko vyote ninachobeba ni mkoba wangu. Lakini ninyi vijana mlionisimamisha Jumapili baada ya ibada, hapa Newburg, Louisville, mkaniuliza kama ni kweli nilikuwa "dada wa mabomu", mnastahili jibu zuri kuliko lile nililowatupia nikikimbilia gari.

Kwanza, hayakuwa mabomu. Kazi yangu ilikuwa kutambua risasi za mizinga ya zamani ya Waingereza, ile mizinga ya kupiga vifaru katika vita vikuu vya pili. Waliipa majina kwa uzito wa kile inachorusha: ratili mbili, ratili sita, ratili kumi na saba. Risasi ya ratili sita ukiisimamisha sakafuni inakufika gotini. Chini ni ganda la shaba ya manjano, ambamo mna baruti. Juu ni kichwa cha chuma. Na katikati ya kitako cha ganda pana kidude cha duara kinachoitwa fataki: pini ya mzinga ikikigonga, baruti inawaka na kichwa kinakwenda zake. Hayo tu. Wapo watu, wengi kuliko mnavyodhani, wanaokusanya vitu hivyo kama wengine wanavyokusanya stempu, na wanataka kujua walicho nacho ni nini, kilitoka wapi, na kama kiko salama kukaa sebuleni.

Niliingia kwa bahati. Nilikuwa nimemaliza shahada ya historia, na shahada hiyo ikanipatia kazi ya kupiga mihuri maboksi ghalani. Siku moja nikaona kikaratasi kwenye ubao wa maktaba: anatakiwa mtu mwenye macho mazuri na subira. Subira sikuwa nayo. Macho nilikuwa nayo.

Mwenye kikaratasi alikuwa Mzee Walter, fundi wa mashine mstaafu wa mtaa wa Highview, umri wake sabini na sita, lenzi yake ya kukuzia ikining'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Alikuwa anaandika orodha ya kila ganda la Kiingereza lililopita mikononi mwake, na macho yalikuwa yanamwacha kabla hajamaliza.

Tantine Josée, dada yake baba aliyenilea tangu kambini Tanzania, aliposikia aliweka mwiko chini.

"Bon. Sisi tulikimbia mabomu kwetu, we unaenda kuyatafuta na torche?"

"Hayana kitu ndani, Tantine."

"Nani amekuambia?"

"Mzee Walter."

"Na yeye, nani alimuambia?"

Mimi mwenyewe nimejulikana tangu shule kama mtu wa "umejuaje?", hata mchungaji alikuwa akiniona nimeinua mkono anajifanya kutazama dirishani. Sikujua kwamba nilirithi.

Mzee Walter alikuwa na sheria moja aliyoirudia mpaka nikawa naiota: soma kitako kwanza. Mwenye mali atasema baadaye, na atasema sana. Kitakoni pamepigwa chapa ya aina ya mzinga, kiwanda, mwaka, na mara nyingi alama ndogo ya mshale, maana yake ni mali ya serikali. Yeye alizinakili kwa njia ya zamani: karatasi nyembamba juu ya kitako, penseli laini, unasugua polepole hadi herufi zinatokea zenyewe. Mimi nilikuja na simu. Nilimwonyesha kwamba ukimulika taa kutoka pembeni, ukapiga picha, unaona hata chapa iliyofutika. Alitazama picha kwa muda mrefu.

"Nzuri," akasema. "Sasa nipe karatasi."

Tulifanya njia zote mbili kwa miaka mitatu. Nami nikakubali mwishowe kwamba karatasi ina faida yake: mkono unapita kila mahali, na jicho linapenda kuruka.

Sasa nisikilizeni vizuri ninyi mnaojiona wajuaji, maana nilikuwa mwenzenu. Mwaka wangu wa kwanza tulikwenda Columbus kwenye maonyesho ya wakusanyaji, ukumbi mkubwa, meza kama mia, harufu ya mafuta ya bunduki na vitumbua vya sukari. Kwenye meza moja nikaona ganda la ratili mbili. Nikaligeuza. Mshale ulikuwepo, lakini umezungukwa na herufi C. Katika vitabu vyote vya Mzee Walter nilivyokwisha kusoma, yaani viwili, mshale ulisimama peke yake. Nikasema kwa sauti ya mtu aliyesoma chuo kikuu kwamba chapa hii imeghushiwa.

Watu wakageuka. Mwenye meza, bwana mmoja mwenye ndevu hadi kifuani, hakukasirika hata kidogo.

"Binti," akasema, "umewahi kusikia nchi inaitwa Kanada?"

Meza tatu zilicheka. Wakanada walitengeneza risasi nyingi kwa mizinga ya Kiingereza, na huo mshale ndani ya C ndio alama yao. Mzee Walter alisimama nyuma yangu akipuliza kahawa yake. Garini aliniambia neno moja tu: "Kutilia shaka si kujua. Ni kuanza kuuliza." Nilinyamaza mpaka Cincinnati, jambo ambalo Tantine hataki kuamini hadi leo.

Nawaambieni haya ili mwelewe kwa nini nilikuwa mwangalifu sana siku ya Bi Alma. Ilikuwa vuli ya mwaka 2015.

Bi Alma alikuwa mjane wa Buffalo, upande ule wa mto unaotazamana na Kanada. Alimpigia simu Mzee Walter akasema anahama. Nyumba imeuzwa, anakwenda kwenye jengo la wazee, na meneja wa jengo amemwambia kile kitu cha vita hakitaingia mpaka apate barua ya mtaalamu kwamba ni kitupu. Kitu chenyewe kilikuwa risasi ya ratili sita. Mumewe, aliyekuwa askari wa mizinga Kanada kabla hawajaoana, aliileta nyumbani, akaipaka rangi ya fedha, akaiweka kuzuia mlango wa jikoni. Ilisimama hapo maisha yao yote ya ndoa. Shingoni ilifungwa kikadi cha mwandiko wa marehemu: Ya mafunzo. Tupu.

"Sina kitu kingine chake," akasema kwenye spika ya simu, nikasikia. "Nguo nilizigawa. Picha hakupenda kupigwa. Ni hiki tu."

"Usijali, Alma," Mzee Walter akamwambia. "Nimeona za mafunzo nyingi. Nitakuja na barua yako."

Nilimtazama. Alikwepa macho yangu.

Tulipanga safari, na Tantine akaomba lifti kwa sababu binti wa rafiki yake alikuwa amejifungua Buffalo. Akaingia garini na ndoo ya sombe, yaani kisamvu, mfuko wa nguo za mtoto, na maoni yake. Tulilala Columbus, kesho yake mchana tukafika kwa Bi Alma. Mipango ilikuwa tumalize hapo ndipo tumpeleke Tantine kwa mzazi.

Bi Alma alikuwa mdogo wa umbo, mwenye sweta la kijani, na nyumba nzima ilikuwa maboksi. Risasi ilikuwepo mlangoni pa jikoni kama alivyosema. Nilitaka kuigeuza mara moja, lakini Mzee Walter akasema tukae kwanza, tunywe kahawa, mwenye nyumba ana hadithi. Tukaenda sebuleni. Tantine, ambaye Kiingereza chake kinaishia kazini na kwenye basi, alibaki jikoni.

Hapa lazima niwaeleze wale mliozaliwa huku. Kwetu, ukimtembelea mjane mzee ukakuta sinki ina vyombo, hukai. Kukaa ni kumtukana. Unakunja mikono ya gauni unaosha, na ukimaliza unatafuta kingine. Tantine aliosha vikombe. Akafuta jiko. Akatazama huku na huku, akaona sufuria moja iliyobaki chafu. Ilikuwa imesimama mlangoni.

Sisi tulikuwa sebuleni tukimsikiliza Bi Alma akisimulia jinsi mumewe alivyovuka daraja na boksi kwenye kiti cha abiria, amelifunga mkanda. Mzee Walter alikuwa ameshatoa barua mfukoni. Aliichapa Louisville, kabla hata hatujaiona risasi. Ilibaki sahihi yake tu. Ndipo nikasikia sauti ninayoijua tangu utoto, krrr, krrr, krrr.

Nilisimama taratibu. Nikaenda jikoni, jikoni hakuna mtu. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Tantine alikuwa amekaa kwenye ngazi ya uani, miguu ameifungua, risasi ya ratili sita imelala mapajani mwake kitako juu kama mtoto anayesuguliwa kisigino. Mkono mmoja nusu ya limau, mwingine steel wool, na kando yake kopo la majivu aliyochota kwenye jiko la kuchomea nyama.

"Tantine," nikasema. "Acha kusugua."

"Nimalize kidogo. Angalia namna ilikuwa chafu! Nta ya chini iko imeshikana hapa miaka mingi, huyu maskini hakuwa na mtu wa kumusaidia."

"Tantine. Usiigonge. Usiiangushe. Ilaze kwenye majani, polepole, kama unalaza mtoto asiamke."

Akaniangalia usoni, na sijui aliona nini, maana hakuuliza. Aliilaza kwenye majani. Ndipo niliposogea nikaona kitako.

Majivu na limau vilikuwa vimeondoa nta yote ya sakafu. Shaba iling'aa. Mshale ndani ya C. Ratili sita. Namba 43, ya mwaka. Na katikati, fataki nzima, laini, haina hata alama ya pini. Haikuwahi kugongwa. Kwenye kichwa, pale vidole vyake vilipobandua rangi ya fedha, chini yake palikuwa na weusi.

Mzee Walter na Bi Alma walikuwa wamenifuata. Nilimwonyesha mzee kwa kidole, kwa mbali.

"Fataki inaweza kuwa ya bandia," akasema. "Za mafunzo huwekwa bandia."

"Za mafunzo hutobolewa tundu ubavuni, au hupigwa chapa ya mafunzo. Wewe ndiye uliyenifundisha. Sioni tundu, sioni chapa."

"Kuna kadi ya mumewe."

"Kadi si kitako."

Alikunja uso. Bi Alma alikuwa ameshika sweta lake kwa mikono yote miwili. Nami, badala ya kuendelea kubishana na mwalimu wangu, nikafanya jambo ambalo nilikuwa sijawahi kulifanya kwa dhati maishani: nikamuuliza Tantine.

"Ulipoibeba, uzito wake ukoje?"

"Nzito. Kama mutoto wa miezi tatu mwenye anakula muzuri."

"Na ulipoigeuza?"

"Donc, njo nilitaka kukuambia. Ndani iko kitu. Ukigeuza inatembea, shh, shh, kama njiti za kiberiti."

Baruti ya Waingereza ya wakati ule ilikatwa vijiti vyembamba vya rangi ya kahawia, kama tambi kavu. Tantine hakujua hilo. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia. Nilimtafsiria Mzee Walter neno kwa neno.

Nimefikiri sana juu ya dakika ile. Mwanamke huyu nilikuwa nimembishia kuhusu dawa zake za majani, kuhusu ndoto, kuhusu kwa nini mtu asifagie usiku. Nilikuwa na haki katika mengi. Lakini mikono yake ilikuwa imebeba, masikio yake yalikuwa yamesikia, na upande wa pili palikuwa na kadi, barua, na nia njema. Shahidi ni shahidi hata akiwa na majivu hadi viwikoni.

"Tunaita kikosi cha kutegua mabomu," nikasema.

"Wataichukua," Bi Alma akasema. "Wataipeleka shambani wailipue. Jirani yangu aliwahi kupoteza bunduki ya babake namna hiyo hiyo." Akamgeukia Mzee Walter. "Uliniahidi barua."

Mzee Walter alikuwa na kalamu mkononi. Kusaini kungemfurahisha mjane, kungemwokolea yeye heshima yake, na pengine risasi ingezuia mlango mwingine kwa miaka ishirini bila kitu kutokea. Pengine. Alitazama ile karatasi, akaichana vipande vinne.

"Nilitaka sana iwe tupu, Alma," akasema. "Nilitaka mpaka nikaacha kutazama. Samahani."

Tukatoka wote hadi upande wa pili wa barabara, kwenye majani ya jirani. Nilipiga simu, na nikisubiri kikosi nilichukua daftari nikaanza kuandika kila nilichokiona. Niliandika kwa herufi kubwa, isomeke upesi.

Fundi wa kikosi alikuwa mtu mnene, mtulivu, anayetafuna jojo. Swali lake la kwanza lilikuwa: "Nani ameigusa?"

Sote tulimtazama Tantine. Alikuwa bado ameshika limau.

"Alikuwa anaifanyia nini?"

"Anaiosha," nikasema.

Aliacha kutafuna. "Mwambie asante, na mwambie asirudie kamwe."

Nilimtafsiria. "Mwambie yeye," Tantine akanijibu, "kama angeona namna ilikuwa chafu, angeiosha mwenyewe."

Hilo sikulitafsiri. Nilimpa yule fundi karatasi niliyoichana daftarini. Akaisoma akiwa amesimama, kisha akaisoma tena.

"Umeandika kichwa hakina kilipukaji."

"Nimeandika labda. Nimeona weusi chini ya rangi ya fedha. Kwa Waingereza, nyeusi ni ya chuma kitupu cha kutoboa kifaru, njano ndiyo yenye kulipuka ndani. Ikiwa ni hivyo, hatari yote iko kwenye ganda: fataki na baruti, na labda kijidawa kinachowaka mkiani mwa kichwa ili mpigaji aone kinakokwenda. Lakini nimeona sehemu ndogo tu. Sina hakika."

"Wewe ndiye mtu wa kwanza wiki hii kuniambia hana hakika," akasema. "Wote huniambia ni tupu." Akakunja karatasi akaiweka mfukoni. "Tusichokijua tunakilipua. Sina la kufanya. Hiki nitakipiga eksirei kwanza. Kikiwa ndivyo ulivyoandika, kinaweza kufunguliwa."

Bi Alma alisogea. "Nitakipata?"

"Siahidi, mama. Lakini sasa najua natafuta nini."

Hapo ndipo nilipoielewa kazi yangu, vijana, kwenye majani ya mtu nisiyemjua, na sombe inaharibika garini. Nilikuwa nadhani kutambua ni kushinda ubishi: mimi nimejua, wewe hukujua. Kumbe jina sahihi la kitu linampa mtu mwingine nafasi ya kufanya kitu kingine zaidi ya kukiharibu. Basi andikeni vizuri. Andikeni mnachokiona, na pale kuona kunapoishia, andikeni kwamba kumeishia hapo. Msibebe msichokijua, msikigeuze, msikisugue, hata kikiwa kichafu namna gani. Pigeni hatua nyuma, iteni wenye kazi yao, halafu ndipo mchukue daftari.

Tulimfikisha Tantine kwa mzazi jioni. Tukirudi Louisville, mahali fulani baada ya Cleveland, Mzee Walter alivua ile lenzi yenye kamba ya kiatu akaiweka juu ya magoti yangu, akaendelea kutazama barabara. Tangu siku hiyo barua zote nilizisaini mimi, na mbili kati ya tatu za kwanza zilikuwa za kukataa.

Majira ya baridi yalipita. Bi Alma alihamia jengo lake mikono mitupu, na kila nilipoiona namba ya Buffalo kwenye simu niliipokea mbio, ikawa ni matangazo. Mwezi wa tatu mwishoni akapiga mwenyewe. Ilikuwa Jumamosi, Tantine yuko jikoni kwangu anakatakata vitunguu, simu nimeiweka mezani kwa spika.

"Imerudi," Bi Alma akasema. "Wameitoboa tundu mbili ubavuni, na kichwa wamekirudisha mahali pake. Barua yao inasema kilikuwa chuma kitupu. Meneja amesoma, amesaini." Alikuwa akipumua kama mtu aliyepanda ngazi. "Sikuamini nilipoinyanyua, ilivyo nyepesi. Subirini, nataka msikie. Yule mama yuko?"

"Yupo."

Ukaja mlio kupitia simu. Alikuwa amechukua kijiko akagonga ganda mara moja. Shaba ikalia, mlio mrefu, safi, ukazunguka jikoni ukakawia kuisha.

Tantine aliinamisha kichwa, kisu kikiwa juu ya kitunguu, akasikiliza hadi mwisho kabisa.

"Voilà," akasema. "Sasa njo iko tupu."